Ngamia wa Ekeno Kwenye Mlango wa Pikapu

Mume wangu Ekeno hupaka magari rangi hapa Bulla Pesa, mtaani Isiolo, na kuna siku nilitamani angekuwa muuza makaa.

Vijana humletea simu zao: nichoree mchezaji huyu, mwimbaji yule, simba mwenye miwani. Siku hizi hata fundi wa kuchomelea hakati bati kabla Ekeno hajachora. Gari la kwenye filamu likiwa na pua ndefu, basi Isiolo nzima inataka pua ndefu! Mimi huuza chai hapo kando nikiwacheka.

Kabale, mama anayeuza maziwa ya ngamia, hakutaka upuzi huo. Aliponunua pikapu alisema, "Nichoree ngamia jike mlangoni. Lakini awe mrembo." Ekeno akaenda soko la mifugo, akampiga picha ngamia mmoja aliyempenda, akamchora vile vile, mpaka ile alama ya chuma cha moto shingoni. Naye Ekeno ni Mturkana mzima, kabila la wafugaji! Lakini ni mzaliwa wa mjini, mbuzi alimjulia kwenye sahani. Alidhani alama ni pambo. Kabale naye ngamia anamjua kwa mtungi wa maziwa tu. Akafurahi, na asubuhi yake mwanawe wa pekee, Godana, akaondoka na gari kwenda Sericho kuchukua maziwa.

Nikamwonyesha mzee Mahat, mteja wangu wa chai, picha ya ule mlango, nikijigamba. Akaweka kikombe chini.

"Roda, hii alama ni ya watu wa Sericho. Wameibiwa ngamia juzi, wana hasira. Sasa kijana anawapelekea alama yao kwenye gari la mgeni? Watasema mwizi amekuja kuwacheka."

Ee Mungu wangu! Nikampigia Godana, hapatikani. Nikamwita Kabale, akaja mbio, mtandio ukimvuka. "Ekeno, umeniulia mtoto!"

Ekeno alikaa juu ya debe la rangi. Nilimtukana, nikamwonea huruma, nikamtukana tena. Chai iliungua sufuriani. Kila injini iliponguruma barabarani tuliinuka sote, halafu tukakaa.

Kesho yake mchana pikapu ikaingia. Godana akashuka, mzima. Kabale akamkumbatia, akampiga kofi, akamkumbatia tena.

Upande wa pili akashuka mzee mwenye fimbo. Hakusalimia mtu. Alizunguka mpaka mlango wa dereva, akapapasa shingo ya yule ngamia wa rangi, kisha sikio lake lililopasuka, akimsemesha kwa Kiborana polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Vijana walitaka kunichapa," Godana akatuambia. "Huyu mzee akawazuia. Alimtambua ngamia wake aliyeibiwa. Wakati wa ukame, wajukuu wake waliishi kwa maziwa ya huyo."

Mzee akamgeukia mume wangu. "Wewe ulimwona. Yuko wapi?"

Ekeno akanigeukia mimi. Mimi alikuwa ameshaniambia aliyemnunua yule ngamia siku ile sokoni. Ikabidi niseme.

"Alinunuliwa na mchinjaji, baba."

Hakulia. Mkono bado uko mlangoni, akauliza kama ule mlango unaweza kutolewa, aende nao.

Kabale alimtazama mzee, akamtazama mwanawe.

"Ekeno," akasema, "leta spana."