Nguzo ya Mninga Niliyoletewa Krismasi

Niliyeonana naye Krismasi ile hakuwa ndoto. Nalisema hili mapema kwa sababu hata mume wangu, nilipomsimulia mara ya kwanza, aliniambia nimekula pilau nyingi nikasinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nimesimama, randa mkononi, jua linawaka na redio ya jirani inapiga kwaya. Wewe nisikilize mpaka mwisho, halafu uamue utakavyo.

Mimi ni msusi. Nina saluni yangu hapa Kahama. Lakini nikishafunga, na Jumapili nikitoka kanisani, huwa nashika mbao. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa kutengeneza kigoda cha kukalia wateja, kikayumba, nikatengeneza kingine, basi ikawa ndiyo starehe yangu. Nyuma ya nyumba nina kibanda cha mabati chenye meza ya kazi, msumeno na patasi. Siuzi kitu. Natengeneza na kugawa, na ndiyo maana nyumba ya mama mkwe imejaa vigoda asivyovihitaji.

Unajua watu wakishagundua unapenda kitu fulani, zawadi nyingine zinakoma. Kitenge mimi sipewi tena. Mwaka ule mume wangu, Baba Limi, aliniletea randa ya chuma ya mtumba aliyoipata Isaka, maana anaendesha malori ya mizigo pale. Binti yetu Limi alinipa karatasi za msasa, amezifunga utepe kama keki. Mteja mmoja akaja na kopo la vanishi lililobaki nusu, nikashukuru vilevile. Na mdogo wangu Maduhu akaleta nguzo.

Maduhu alikuwa anachimba dhahabu huko mbele ya Kharumwa. Yeye na wenzake wawili walikuwa wamefufua duara la zamani, yaani shimo lililoachwa na wachimbaji waliowatangulia. Alishuka kwenye basi siku moja kabla ya Krismasi, nguzo imefungwa juu kwenye keria, abiria wanamcheka.

"Dada, hii ni mninga," alisema akiipangusa kwa shati lake. "Imekaa chini miaka na mchwa hawajaigusa. Nikasema hii ni ya dada yangu."

Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Ilikuwa nzito, imekauka vizuri, na ncha yake moja ilikuwa imechongwa na mtu aliyejua kazi. Nikawaza meza. Nikawaza hata kabati dogo la Limi.

Siku ya Krismasi tulisali, tukala, na jioni ya saa kumi hivi Baba Limi na binti yake wakaenda kumsalimia mama mkwe. Maduhu alikuwa ametoka kuonana na rafiki zake stendi. Nikabaki peke yangu. Ningefanya nini? Nilifunga geti kwa komeo, nikaipandisha nguzo mezani, nikaanza kuijaribu randa yangu.

Randa ilikwenda vizuri, maranda yakawa yanadondoka miguuni. Kilichonishangaza ni harufu. Nilitegemea harufu ya mti. Hii ilikuwa ya udongo wa chini, ule wa baridi, kama unapochungulia kisima. Nilisimama nijifute jasho, na nilipoinua kichwa kulikuwa na mtu mlangoni mwa kibanda.

Alikuwa mwanaume wa umri wa Maduhu, amevaa kaptura na fulana iliyochanika, vumbi mwili mzima. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, kiganja kimefunguka, na bega limelemewa kama la mtu aliyebeba gunia. Nilidhani ana ugonjwa. Wapo watu ambao kiharusi huwaacha hivyo.

"Habari za sikukuu, dada," alisema. Alikuwa na lafudhi ya Kisukuma kama yetu sote, na sauti ya chini.

"Nzuri, kaka. Karibu ukae." Nikamsogezea kigoda. "Pilau ipo, nikupakulie?"

"Nashukuru sana, dada. Ila siwezi kukaa."

"Kwa nini?"

"Nikikaa, kutashuka."

Sikumwelewa. Utaniuliza kama niliogopa. Niamini, sikuogopa wakati ule. Mtu mpole kiasi kile unamwogopaje? Alikuwa anaitazama nguzo pale mezani.

"Umepewa wewe hiyo?"

"Ndiyo, zawadi ya Krismasi. Kaniletea mdogo wangu."

"Niliichonga mwenyewe," alisema. "Mdogo wako hana ubaya, hakujua. Lakini huo mti aliouweka badala yake ni mkaratusi mbichi. Hautashika. Airudishe hii, au wasishuke tena. Mimi nimechoka, dada."

Mkono ule ulikuwa unatetemeka. Nikamwambia asubiri nimletee maji. Kutoka kibandani hadi jikoni ni karibu, hata mlango sikuufunga. Niliporudi na kikombe hakuwepo. Geti lilikuwa na komeo lake vilevile. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na uwanja mzima ulikuwa tope, lakini kuelekea kibandani sikuona nyayo zaidi ya zangu. Pale mlangoni tu aliposimama palikuwa na udongo mkavu wa kijivu, umemwagika kidogo kidogo kama unaodondoka darini. Udongo wa rangi ile haupo mtaani kwetu.

Hapo ndipo nilipoogopa, nikatafuta simu.

Nilimpigia Maduhu. Alipokea akiwa ndani ya gari.

"Dada, samahani sikuaga. Wenzangu wamenipigia, kesho asubuhi tunashuka. Tutaonana mwaka mpya."

Nilianza kumweleza, mtandao ukakatika. Nilipojaribu tena simu ilikuwa imezimwa.

Baba Limi aliporudi ndipo aliposema yale ya pilau. Sikubishana naye. Nilimpeleka kibandani nikamwonyesha udongo. Akauchota, akausugua kati ya vidole.

"Haya," akasema mwishoni. "Kama ni ndoto, tutakuwa tumemtembelea shemeji."

Alfajiri alikuwa ameshaazima pikapu ya rafiki yake. Limi tulimwacha kwa bibi yake, nguzo tukaifunga nyuma, tukashika njia ya Kharumwa.

Tulipofika machimboni Maduhu na wenzake walikuwa wameshashuka. Juu ya duara kulikuwa na mwanaume mmoja tu wa kuvuta kamba. Nikamwambia mimi ni dada yake Maduhu, awaite. Akapiga kelele shimoni, akasikiliza, akanigeukia.

"Anasema usubiri wajaze mifuko, dada yake. Wako mahali pazuri."

Pembeni palikuwa na kibanda cha mama ntilie, mama mtu mzima wanayemwita Mama Sado. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza mbona natetemeka na jua ni kali vile. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na mkono ule ulioinuliwa.

"Wa kulia?" akaniuliza.

"Wa kulia, mama."

Akaweka mwiko chini. "Huyo ni Jilala. Ndiye aliyekuwa anachonga nguzo za duara hilo, na kuzisimamisha. Siku dari lilipoanza kushuka aliweka bega na mkono, akawaambia wenzake wapite. Walipita wote. Yeye hakuonekana tena." Akanishika kiwiko. "Mtoe mdogo wako, mama. Sema uongo wowote."

Nikamwendea yule wa kamba nikamwambia awape habari kwamba mama yetu ni mgonjwa mahututi Kahama. Mama yetu alikuwa mzima kabisa, Mungu anisamehe. Maneno yakashuka, na kamba ikaanza kuvutwa. Maduhu alitoka wa kwanza, macho mekundu, na wenzake wakatoka nyuma yake kumpa pole.

"Mama amefanya nini?"

"Mama hajambo," nikasema. "Kaa chini kwanza."

Alikasirika, na nisingemlaumu. Akasema nimemdhalilisha mbele ya wenzake, akasema wanawake wa mjini wana mambo. Wenzake wakaanza kujifunga tena warudi. Baba Limi akasimama mbele ya shimo, naye ni mtu mkubwa.

Nikamuuliza Maduhu, "Uliponiletea ile nguzo, uliweka mti gani mahali pake?"

Akageuka kutazama shimo.

"Mkaratusi," nikasema. "Mbichi."

"Nani kakwambia? Nilikuwa peke yangu."

Nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe. Mama Sado alikuwa anatupakulia wali. Maduhu akaniuliza kitu kimoja tu, yule mtu alisema amechoka, au alisema atachoka?

"Alisema amechoka."

Tulikuwa hatujamaliza kula. Hakukuwa na kishindo kama unavyofikiri. Ilikuwa kama mtu aliyeshusha pumzi ndefu. Kamba iliyokuwa imelegea pale mdomoni mwa duara ikaanza kwenda chini yenyewe, vumbi la kijivu likapanda, na ardhi ikabonyea mpaka karibu na matairi ya pikapu. Halafu kimya. Wale wenzake wawili walibaki wameshika sahani zao. Maduhu aliweka kichwa magotini, akalia kama alipokuwa mdogo.

Nguzo hatukurudi nayo. Tuliilaza pale shimo lilipojifukia, katekista akaitwa, akasali.

Maduhu hajarudi machimboni. Siku hizi analima mpunga na ana mke. Lakini mpaka leo mtu akiinua mkono kuchukua kitu kwenye rafu ya juu, yeye hutoka nje, na mkewe amezoea. Mimi mbao nashika bado, ila mninga siwezi. Nikiupiga randa harufu ile ya kisima inarudi, hata kama umetoka kiwandani jana.

Kupitia kwa Mama Sado tulipata habari za mama yake Jilala, anaishi upande wa Mwadui. Tulikwenda mimi, mume wangu na Maduhu. Bibi yule alitusikiliza bila kulia. Nilipomaliza aliniuliza, "Alikula?"

"Nilimkaribisha pilau, mama. Alishukuru sana, akasema hawezi kukaa."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Ndiye yeye. Mtoto wangu alikuwa na adabu." Kisha akamshika Maduhu mkono, hakuuachia mpaka tulipoaga.

Basi wewe unayependa kuchonga, ambaye ndugu zako wameshajua cha kukuletea sikukuu, pokea na ushukuru. Lakini ukiletewa mti uliowahi kusimama mahali, usiuguse kabla hujajua uling'olewa wapi. Na kama aliyekuletea anataka kurudi huko, mzuie kwanza. Maelezo utampa baadaye, akiwa mzima.