Nyota ya Bi Time Iliyozimika Juu ya Chwaka

Nakumbuka siku moja, mwanangu, baada ya maghrib, nnaanua nguo roshanini kwetu Kikwajuni, simu ikalia. Kilikuwa kikundi chetu cha watazama setilaiti, sisi tunaopenda kufuata zile nuru zinazotembea angani polepole kama zina mawazo. Shangazi yangu wa Chwaka, Bi Time, mkulima wa mwani, nliyemuunga kikundini mwenyewe juma lile, alikuwa kaandika kwa mara ya kwanza: "Nimeona nyota inakwenda."

Haji wa Mtoni, hodari wa kutuma picha, akamjibu, "Hiyo ndege, bibi. Kalale."

Nyuso za kucheka zikamiminika. Shangazi akaandika, "Basi, nshanyamaza."

Moyo ukaniuma. Mtu aliyeitazama mbingu ile tangu utotoni, leo aone haya kuinua macho?

Ndipo Maalim Shaame, mkubwa wetu, aliyezoea kupokea ushahidi wa mwezi muandamo msikitini kwao, akatuma sauti, taratibu kama anayemimina kahawa: "Haji, anayekuja kusema kaona mwezi hatumcheki. Tunamuuliza kasimama wapi, saa ngapi, kaelekea wapi. Bi Time, nakusikiliza."

"Pwani, Maalim, saa moja hivi. Imetokea nyuma ya minazi, magharibi, ikaja juu ya bahari bila kumetameta. Kisha ikafifia, ikazimika, na wingu hamna."

Mwisho Haji akaandika, "Shikamoo, shangazi. Ndege haizimiki hivyo. Hiyo setilaiti, imeingia kwenye kivuli cha dunia. Niwie radhi. Kesho ukiiona, nambie."

"Marahaba. Kesho usilale wewe."

Nlicheka hadi nguo nlizoanua zikaniponyoka mikononi. Na kesho yake tukaiona sote, kila mtu kwao, tukiandikiana "naiona, naiona" kama watoto.

Basi mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na siku hizi, kwenye simu, dole lenyewe ndilo ulimi. Ukiona kitu angani, sema ulipo, saa na upande. Usichokijua, sema hukijui, hapana aibu. Picha ya mwenzio usiisambaze mpaka umwombe. Na akija mgeni na nyota yake, muulize kabla hujamcheka. Huenda kaona ambacho taa za mjini zimekuficha.

Mola akupe macho yasiyochoka kutazama juu, na wenzio wa kuwaambia ulichokiona. Amin.