Kuku wa Mzee Amri

"Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Andika hivyohivyo," anasema Mwalimu Idrissa, huku akivuta rundo la karatasi za Kidato cha Tatu.

Ni saa moja asubuhi katika shule ya kata karibu na Iguguno. Kalamu nyekundu ya pili imeisha wino. Swali ni moja: chambua shairi la askari aliyerudi kutoka vitani. Kila akipata mgeni, humbeba kuku wake hadi kwa jirani akachinjiwe. Kwa nini?

"Karatasi sitini na nane! Huyu 'tudumishe amani', huyu 'tudumishe amani', utadhani wako mchakamchaka. Jamani, nimeuliza habari za kuku!"

Idrissa, 38, ndiye mwalimu pekee wa Kiswahili hapa, vipindi 32 kwa wiki. Vitabu havitoshi, hivyo mashairi ya mazoezi hutunga mwenyewe. Hili alilitoa utotoni, kwao Kinyangiri, ambako mwanamume mmoja alikuwa akipita na kuku kwapani, watoto wakimzomea. Mwongozo wake wa kusahihisha ulikuwa neno moja tu: uoga.

Muhula uliopita mwanafunzi wake, Stumai, aliandika: "Si mwoga. Akishika kisu anaona shingo za watu." Akapewa sifuri kwa kumi. Sifuri hiyo ikamwangusha somo zima.

"Akaniambia, 'Mwalimu, huyo ni babu yangu.' Nami kwa kiburi changu: 'Shairi langu, maana yangu, kaa chini!'"

Leo Stumai ana kumi zake, na mwalimu hana tena mwongozo. Shairi amelirudia kwa darasa jipya akiwa na tumaini moja: mtoto hata mmoja aandike alichokiona kwa macho yake, si alichokariri. Hadi karatasi ya arobaini, hajampata.

Aliyemgeuza ni mwenye kuku mwenyewe, Mzee Amri, 68, babu yake Stumai, aliyepigana vita vya Kagera. Alifika shuleni kwa baiskeli siku ya pili baada ya sifuri ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nioneshe hiyo sifuri ya mjukuu wangu."

Idrissa akaitoa, akajitetea. "Mzee, mtunzi ni mimi. Najua nilichomaanisha."

Mzee Amri aliisoma karatasi yote, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Sawa, mwalimu, shairi ni lako. Basi Jumapili nina wageni, njoo uchinje wewe. Mimi zamu yangu niliimaliza mwaka sabini na tisa."