Kuaga Kitrevor

Hata leo nikimenya viazi mviringo, ile harufu ya udongo mbichi ikinipanda puani, namkumbuka Trevor alivyoinamia gunia. Halafu nafurahi. Msinihukumu kwanza, nisikilizeni.

Tuliishi Penrith, pembezoni kabisa mwa Sydney, miaka ile ya korona tulipofungiwa majumbani. Chumba cha nyuma tulimpangisha anti Nora, Mwairishi aliyefanya kazi na mama katika nyumba ya kulelea wazee. Mama ni Mpare wa Same. Watani wetu Wachagga husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Kwa Wapare wengine huo ni utani. Kwa mama yangu ilikuwa taarifa.

Trevor alikuwa jirani yetu ng'ambo ya uzio, mstaafu, mfuga kuku wa mayai ambao kila mmoja alimpa jina la kike. Kufungiwa kulimpa muda mwingi, na muda wake aliutumia kwa Nora. Nyundo aliiita bisibisi ya Kiairishi, maana Waairishi, alisema, skrubu wanaigongomea. Viazi vilikuwa matunda ya Kiairishi. Mtu akitoroka sherehe bila kuaga, hiyo ni kwaheri ya Kiairishi. Kila Nora alipotoka kuanika nguo, neno jingine lilivuka uzio. Nora alicheka kwa meno tu. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa naomba kuku wa Trevor wafe kideri wote.

Kisha baba yake Nora akafa kwa korona huko Ireland, ghafla, hospitalini, peke yake. Mipaka ilikuwa imefungwa, hakuna kusafiri. Mama akaenda uzioni kumwambia Trevor, angalau apunguze mdomo.

Trevor akajikuna kidevu. "Basi mzee kaondoka kwa kwaheri ya Kiairishi," akasema.

Nora alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Aliliweka chini, akarudi ndani, na kuanzia hapo hakutoka tena uani. Kwetu kuaga si jambo dogo, hata kufa tunakuita kuaga dunia. Nilimchukia Trevor.

Mama alizianika zile nguo, akangoja. Siku ya mazishi, ambayo Nora angeyatazama jioni kwenye kompyuta sebuleni kwetu, mama alivaa barakoa, akajifunga khanga kiunoni, akaenda tena uzioni.

"Trevor, kwetu anayetania kabila la mtu anaitwa mtani," akamwambia. "Na utani una sheria. Mtani wako akifiwa, kazi za msibani ni zako. Umemtania Nora miezi yote hii. Leo kuna msiba."

Trevor akacheka. Mama hakucheka.

"Sawa, no worries, kama kuna chochote mnahitaji..." Trevor akasema, kama wanavyosema kule wakitaka uondoke.

"Kipo. Kuku wawili."

Sijui ilikuwa haya au ni yale macho ya mama juu ya barakoa. Trevor aliwapitisha juu ya uzio, mmoja baada ya mwingine, akiwataja majina. Mama aliwachinja palepale, mwenyewe akitazama. Halafu mama akamvushia gunia la viazi. "Matunda ya Kiairishi," mama akamwambia. "Menya."

Trevor aliketi upande wake juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamenya kwa kisu ambacho mama alikichagua kwa ubutu wake. Kila aliposimama kunyoosha mgongo, nilimpelekea beseni lingine tupu. Nilikuwa na raha, jamani, raha tupu.

Mazishi yalipokwisha, Nora alitoka uani, macho mekundu. Chini ya taa akamwona Trevor, barakoa kidevuni, maganda mpaka magotini. Trevor akaweka kisu chini, akajiingilia kwake kimyakimya.

"Hata hakuaga," Nora akasema. "Hiyo ndiyo kwaheri ya Trevor."

Akacheka, safari hii na macho yakacheka, kisha akalia, na mama akamshika.

Nyumbani kwetu tangu siku ile anayeondoka kimyakimya ameaga Kitrevor. Neno likaenda na watu wa kanisani, likafika mpaka kwa Warundi wa Fairfield, mtaa mwingine wa Sydney, ambao hawamjui Trevor wala hawaulizi. Mimi kila nikilisikia nashiba.

Ile sheria niliiamini miaka. Nilipokuwa mkubwa nikamsimulia bibi kwa simu, naye akashangaa. Utani haupachikwi, aliniambia. Ni wa kabila na kabila, watu huurithi, na msibani watani hujitolea wenyewe. Jirani wa uzioni hana utani na mtu.

Ndipo nikaelewa kwamba siku ile mama hakupeleka mila uzioni. Alipeleka kesi. Nikamwendea jikoni kumuuliza. Alikuwa anamenya viazi, wala hakuinua kichwa.

"Kuku wa kwanza alikuwa wa msiba," akasema. "Wa pili alikuwa wangu."