Seli Zilizolala Njaa

Saa moja asubuhi, Jumatatu, Mama Seli anafungua kabati la joto na kuchungulia kama anayemwangalia mtoto mwenye homa. Ndani kuna sahani mbili za plastiki. Chakula cha moja ni chekundu. Cha nyingine kimegeuka manjano: seli za saratani zilizomo zina njaa.

"Leo nimezilaza njaa makusudi," anasema. "Safari ile ulikuwa uzembe wangu."

Jina hilo la Mama Seli kabandikwa na wenzake. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake katika maabara hii ni kulisha seli, laki mbili kwa kila sahani.

Safari ile ilikuwa Ijumaa. Ukishavaa glovu safi hushiki kalamu, kwa hiyo alizoea kutia alama ya "imelishwa" daftarini kwanza, ndipo alishe. Akatia alama mbili, akalisha sahani moja, simu ikaita. Dada yake, mgonjwa wa saratani ya titi, alikuwa ameanguka bafuni. Akavua glovu, akatoka mbio.

Jumatatu yake akakuta sahani ya pili ni manjano. Akabadilisha chakula kimyakimya, akazitia sahani zote mbili dawa ya saratani wanayoijaribu. Siku tatu baadaye, katika sahani iliyoshiba, seli tisa kati ya kumi zilikuwa zimekufa. Katika ile ya njaa, hata nusu hazikufa.

Mkuu wa maabara akailaumu dawa. "Imeharibika hii. Tupeni."

"Nilipima pande zote mbili," anakumbuka Mama Seli. "Nikinyamaza, dawa nzima inatupwa. Nikisema, kibarua kinaota nyasi."

Akasema. Mkuu akalifungua daftari, akaweka kidole kwenye alama ya pili.

"Kwa hiyo alama hii ni ya uongo."

"Ndiyo, mkuu."

"Rudia. Zilaze njaa tena. Isipotokea hivyo hivyo, tutaongea."

Hiyo "tutaongea" ndiyo inayomtoa jasho leo, anapodondosha dawa tone kwa tone.

"Seli ikibanwa na njaa au joto, inaamsha jeni zilizolala," anaeleza. "Zile jeni zinaunda pampu kwenye utando wa nje wa seli. Dawa ikiingia mlangoni, pampu inaitupa dirishani."

Nyumbani nako hana raha. Tangu aanze matibabu, dada yake hali chakula, naye anahofia njaa hiyo itaikinga saratani dhidi ya dawa. Juzi Mama Seli alimbembeleza kwa kijiko mpaka mgonjwa akachoka.

"Mdogo wangu, mimi si sahani yako," dada alimwambia.

Mkuu naye alishamwonya: seli za kwenye plastiki si mtu, asimtishe mgonjwa kwa jambo lisilothibitika. Amekubali kwa mdomo. Moyo bado unabisha.

Alhamisi anahesabu mara tatu, jicho kwenye hadubini. Iliyoshiba: tisa kati ya kumi zimekufa. Ya njaa: nne tu. Mkuu anahesabu mwenyewe, kisha anavuta kiti.

"Sasa tuongee. Unarudia mara mbili zaidi. Na unaongeza sahani ya tatu, yenye njaa, tuiwekee kitu cha kuziba hizo pampu."

Sahani hiyo ndiyo tumaini lake sasa. Safari hii analisha kwanza, anavua glovu, ndipo anashika kalamu.

Kisha anampigia dada yake.

"Zimekufa?" dada anauliza.

"Zilizoshiba zimekufa. Za njaa bado. Lakini dada, mkuu kasema wewe si..."

"Najua mimi si sahani. Kile kijiko unacho bado?"

"Ninacho."

"Basi wahi kurudi."