Mistari Mitatu Isiyopuliziwa

Lindinalva Quirino hajawahi kumaliza kikombe cha kahawa akiwa ameketi. Anakianzia jikoni, ananywa nusu mlangoni, kilichobaki kinapoa juu ya nguzo fulani shambani ambako atakikuta kesho kimejaa sisimizi. Mimi hununua zabibu katika mashamba haya yanayomwagiliwa kwa mfereji, upande wa Petrolina, na kuzivusha daraja la mto hadi sokoni Juazeiro. Katika wakulima wote ninaobishana nao bei, ni yeye tu anayebishana huku akitembea. Ukitaka kumshinda, mfanye akae. Bado sijaweza.

Alizaliwa nchi kavu, kule kwenye ukame mbali na mto, kwa wafuga mbuzi. Alikuja bondeni akiwa msichana, akaingia katika mashamba ya matajiri kupunguza punje. Ndiyo ile kazi ya wanawake waliojifunga vitambaa usoni: mkono mmoja umeshika kichala, wa pili mkasi mdogo, wanatoa punje zilizobanana ili zinazobaki zipate nafasi ya kunenepa. Mizabibu yetu hutambaa juu ya chanja la waya, kama dari, kwa hiyo mikono iko juu ya kichwa mchana kutwa. Wengi hutoka katika kazi hiyo na mabega mabovu. Yeye alitoka na shamba.

Hakupewa na mtu. Alisikia kwamba bwana mmoja amechoshwa na ploti yake, akamwendea na malipo aliyoyakusanya: pikipiki yake, na mbuzi wa mama yake, na kaka yake Erivaldo aliyekuwa amejiwekea akiba ya udereva wa lori. Siku hiyo alimzungusha yule bwana shamba zima kwa miguu, jua la utosini, hadi mtu wa watu akakubali ili apate kivuli. Shamba likawa la ndugu wawili, nusu kwa nusu. Tangu hapo Lindinalva ana ardhi, na ana mtu wa kumuuliza maswali.

Swali la Erivaldo ni moja: kwa nini tusipande miembe?

Si swali la kijinga. Majirani wengi wameshang'oa zabibu. Mwembe ukinyeshewa, unashukuru. Zabibu nyeupe zisizo na mbegu, zile ambazo wanunuzi kama mimi tunazigombania, zikinyeshewa wakati zinaiva ngozi inapasuka, maji matamu yanatoka, nyigu wanaalikana, na baada ya siku mbili shamba linanuka siki. Msimu uliopita ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama pale nikanusa, nikageuza lori bila kushusha hata kreti moja. Lindinalva hakunilaumu. Alinitazama tu, kisha akaanza kuokota vichala vilivyooza chini, kimoja kimoja, kama vile kuna mtu atavitaka.

Jioni hiyo Erivaldo alimkuta bado anaokota.

"Dada, trekta ya kung'oa ipo. Nimeshaongea na mwenyewe."

"Mwambie asubiri."

"Asubiri nini? Wewe kila mwaka una kitu kipya cha kupulizia. Zikipona, unasema dawa. Zikipasuka, unasema mvua. Hujawahi kushindwa hata siku moja!"

"Safari hii ni kalsiamu. Inakaza ngozi ya punje. Túlio amesema."

Túlio ni bwana shamba wa duka la pembejeo, kijana mpole, anayeogopa mbwa. Erivaldo hakuwa na ugomvi naye. Ila alifanya jambo ambalo mimi, kama mtu wa biashara, nilimvulia kofia. Msimu mpya ulipoanza alimwita Túlio, akasimama naye mbele ya dada yake, akasema: msimu huu pulizieni hiyo kalsiamu shamba zima, isipokuwa mistari mitatu katikati. Mistari hiyo isipate hata tone. Mvua ikija, tutaangalia. Isiyopuliziwa ikipasuka na iliyopuliziwa ikapona, dawa imesema kweli, sitataja tena mwembe. Zikilingana, trekta inaingia.

"Hiyo mistari sisi tunaiita shahidi," Túlio alisema.

"Vizuri," Erivaldo akasema. "Na shahidi halishwi na upande wowote. Umesikia, Nalva?"

"Nimesikia," alisema Lindinalva. Alikuwa ameshaanza kutembea.

Walipeana mikono. Túlio akafunga kitambaa cheupe kwenye nguzo za mwanzo na mwisho wa mistari ile mitatu.

Kazi ya kupulizia Lindinalva aliifanya mwenyewe, na hapo hakuna wa kumfundisha. Aliamka kabla upepo wa mto haujaamka. Bomba mgongoni, mkono unapampu, mwingine umeinua mrija hadi kwenye vichala vyenyewe, maana kalsiamu ikibaki jani haishuki kwenda kwenye tunda. Hakuizidisha, isije ikaunguza kingo za majani. Alipofika kwenye kitambaa cheupe alifunga koki, akapita chini ya mistari mitatu bila kutazama juu, kama mtu anayempita jirani aliyemnunia, akafungua tena upande wa pili.

Kupulizia kulimchukua asubuhi. Kutopulizia ndiko kulikomtesa kutwa nzima.

Mtu aliyekulia kati ya mbuzi wenye njaa hawezi kuona kiumbe kinanyimwa akatulia. Kazi zake zote alizipitisha njia ile. Akienda kufungua maji, anapita mistari mitatu. Akienda kumfukuza mbwa, anapita mistari mitatu. Siku moja nilimkuta pale nikiwa nimekuja kuonja sukari ya zabibu.

"Unafanya nini hapa?"

"Naangalia."

"Mkono wako uko wapi?"

Mkono ulikuwa juu, umeng'oa jani. "Limekauka hili," alisema. Halikuwa limekauka.

Mama yake, Bi Zefinha, alikuwa akipiga simu kila Jumapili kutoka nchi kavu. Kule ikikaribia sikukuu ya Mtakatifu Yosefu watu wanapiga magoti: mvua ikinyesha siku hiyo au kabla, mwaka ni mzuri, isiponyesha, anza kuuza mifugo.

"Mwanangu, huko kuna mawingu?"

"Yapo, mama."

"Mungu mkubwa! Naomba usiku na mchana yaje."

"Mama, omba yapite juu tu, yashukie huko kwenu."

"Eti nini? Sasa nimpangie Mtakatifu barabara? Wewe umekuwa tajiri wewe, unaikataa mvua! Mwili wangu unasisimka."

Lindinalva alicheka, lakini akakata simu akiwa ameshafika shambani, na safari hii mfukoni mlikuwa na mkasi.

Alijisemea kwamba kupunguza si kupulizia. Marluce, kiongozi wa kundi lake la wanawake wa mikasi, alikuwa ameshapita shamba lote na wenzake, mistari ya shahidi kama mistari mingine. Vichala vilikuwa vimefunguliwa vya kutosha kwa hesabu ya kawaida. Lindinalva akaanza kuvifungua zaidi. Punje moja hapa, tatu pale, hadi ukiinua kichala unaona anga katikati yake. Akatoa na majani yaliyofunika, upepo upite. Siku ya kwanza nafasi ya nguzo mbili. Kesho yake akarudi. Alifanya hivyo juma zima, mwanzo kwa kujificha, baadaye bila kujificha, na alikuwa amebakiza kipande kidogo cha mwisho pale Marluce alipotokea na kapu lake.

"Shoga, hii si ndiyo ile mistari isiyoguswa?"

"Isiyopuliziwa. Hakuna aliyesema isikatwe."

Marluce alivuta kitambaa chini ya kidevu ili acheke vizuri. "Nalva! Kichala kilicholegea hivi kitapasuka saa ngapi? Maji yakiingia yanatoka, punje hazisukumani. Wewe unamlisha shahidi wa adui yako, na kijiko unamshikia!"

Lindinalva alibaki na mkasi hewani. Aliangalia mistari aliyoihurumia. Ilikuwa mizuri kuliko yote shambani.

"Siwezi kuzirudisha punje," alisema polepole.

"Huwezi."

"Nikipulizia sasa?"

"Ndipo utakapokuwa mwizi kamili. Toka huko, njoo unywe maji."

Hakunywa. Kipande kile cha mwisho alikiacha kama kilivyokuwa, nadhani ndicho kitu pekee alichowahi kukiacha maishani mwake.

Mvua ilikuja kabla ya sikukuu. Ilianza saa ya chakula, matone makubwa yaliyorusha vumbi, ikaendelea. Bi Zefinha alipiga simu akiimba. Lindinalva alisimama chini ya paa la bati akila kuskusi ya mahindi na nyama ya mbuzi kwa mkono huku anahesabu mawingu, akasahau kutafuna. Ilipokatika alitaka kwenda, ikaanza tena. Akazunguka nyumba. Akapanga upya kreti tupu zilizokuwa zimepangwa. Marluce alimwambia aketi, akasema ameketi, naye yuko wima.

Jua liliporudi, Erivaldo alifika na viatu vya mpira. Mimi nilikuwepo, kwa sababu zangu: zabibu nzima wakati huo wa mwaka ni chache, na mnunuzi anayechelewa hula ngozi. Tuliingia wote chini ya chanja, maji yakitudondokea shingoni.

Mistari iliyopuliziwa ilikuwa imesimama vizuri. Nilibonyeza punje kadhaa, zikanisukuma kidole. Hapa na pale, ndani ya kichala kilichobanana, moja ilikuwa imechanika. Kazi ya kuchagua, si msiba. Kisha tukafika kwenye kitambaa cheupe.

Erivaldo aliinua kichala cha kwanza, cha pili, cha kumi. Hakuna hata punje moja iliyopasuka. Alitafuta kwa haki, lazima nimpe hilo. Mwishowe akajifuta mikono.

"Dada, dawa yako ni maji."

Marluce akamsogelea Lindinalva, akamnong'oneza kwa sauti ambayo kila mtu angeisikia hadi ng'ambo ya mto: "Sema upepo uliipeperusha dawa hadi huku. Upepo upo. Nani atabisha?"

Neno lilikuwa zuri. Hata mimi ningelinunua. Upepo unapeperusha kweli, na Túlio, kama angeulizwa, angesema inawezekana. Lakini Lindinalva ni mfanyabiashara. Uongo anaambiwa mtu wa kupita. Ndugu yako utabishana naye na kesho, na kesho kutwa, na akikukamata mara moja, kila bei utakayotaja maisha yako yote ataigawa kwa mbili.

"Nilizikata," alisema.

"Ulikata nini?"

"Hii mistari. Nimeipunguza mara ya pili kwa mkono wangu, na majani nimetoa. Ndiyo maana imepona. Sikupulizia hata tone, ila nimeihudumia kuliko mingine yote."

Erivaldo alimtazama kama mtu aliyeshinda kesi halafu akaambiwa mahakama imeungua. "Kwa nini?"

"Nilikuwa naiona imenyimwa."

"Mizabibu, Nalva! Mizabibu!"

"Basi ndivyo. Njoo huku."

Akamvuta hadi mwisho wa mstari, pale mkasi ulipokomea. Hatukuhitaji kuinua kitu. Nyigu walikuwa wameshafika. Vichala vilivyobanana, visivyopuliziwa, visivyokatwa, vilikuwa vimepasuka kuanzia tumboni, maji yanatiririka hadi kwenye nguzo. Tulinusa, sote tukaijua ile harufu.

"Huyu ndiye shahidi wako," alisema Lindinalva. "Mdogo, lakini hajalishwa. Haya, linganisha na iliyopuliziwa hapo kando. Mkato wa Marluce ni uleule."

Erivaldo alilinganisha. Alichukua muda, akienda na kurudi, na dada yake nyuma yake akimkanyaga visigino.

"Kipande hiki ni kidogo," alisema mwishowe. "Makubaliano yalikuwa mistari mitatu. Umeiharibu wewe mwenyewe."

"Nimeiharibu. Lakini swali lilikuwa zitapona au hazitapona. Dawa imeziponya. Mkasi pia umeziponya. Sasa nina vitu viwili, wewe unataka kunihukumu kwa sababu si kimoja?"

"Mkasi wa namna ile unaondoa uzito."

"Muulize mnunuzi."

Waligeuka wote. Mimi nikasema kichala chepesi kizima nakinunua, kizito kilichooza hapana. Ni kweli, na pia nilitaka mzigo ule.

Ikaanza biashara, na sikuwahi kuona ndugu wakibanana vile. Erivaldo hakutaka kuondoka mikono mitupu. Kwa makubaliano yao alikuwa ameshinda, na dada yake pia alijua hivyo. Lindinalva hakutaka kung'oa hata mzabibu mmoja. Walitembea wakibishana hadi barabarani, wakarudi, wakaenda tena. Walipotulia, Erivaldo alikuwa amepata kipande chote kilicho upande wa barabara, kiwe cha miembe yake. Shamba lililobaki likawa la zabibu, na neno mwembe lisitajwe hadi mvua za mwaka ujao. Na mistari mitatu itawekwa upya, chini ya ulinzi wa Erivaldo, na Lindinalva asivuke kitambaa.

"Hata kupita?"

"Hata kupita. Zunguka."

Trekta ilikuja baada ya sisi kumaliza kuvuna. Chanja la zabibu ni waya mmoja uliovutwa shamba zima. Ukiangusha upande mmoja bila akili, na mwingine unafuata. Dereva alitaka kuanza. Lindinalva akamzuia, akachukua koleo, akachimba, akasimika kwenye mpaka nguzo za nanga za kushikilia chanja, akafunga waya, akaukaza hadi ukalia. Kisha akaanza kuikata mizabibu yake mwenyewe kutoka kwenye dari, shina moja baada ya jingine, majani yakimwangukia kichwani.

"Acha, watafanya vijana," Erivaldo alimwambia.

"Watautikisa upande wangu."

Dereva aliwasha trekta. Lindinalva alikaza kifundo cha mwisho, akajaribu waya kwa kiganja, akasogea pembeni na kumpungia mkono aingie.