Uzi Mmoja kwenye Tishali

Mjomba wangu ni fundi kalafati. Anaziba nyufa za vyombo vya mbao: anasokota nyuzi za pamba, anazishindilia kati ya ubao na ubao kwa patasi na nyundo, kisha anapaka lami. Nyuzi tatu kila mwanya. Ukimwuliza kwa nini si mbili, atakuuliza kama wewe huvaa suruali ya mguu mmoja.

Karakana ya mtoni ilishafungwa. Imebaki tishali moja, chombo kipana cha mizigo, juu ya magogo, imelalia ubavu kama mgeni asiyejua kuaga. Majani yameota juu yake, na mbao zinamong'onyoka ukizigusa. Kila asubuhi mjomba alipita hapo, akapapasa ubavu wa kushoto, kisha akaenda kwa mama chai kununua vikombe viwili: chake na cha nahodha. Miaka ishirini na sita nahodha hakutia mkono mfukoni. Siku moja nikamwita kupe. Mjomba alinikata jicho.

Nahodha huyo ndiye aliyeiongoza tishali safari yake ya mwisho. Iliingia maji, saruji yote ikagandia humo humo, naye akafukuzwa kazi. Walisema kagonga mwamba.

Juzi wakaja wapasua kuni na misumeno kuikata tishali. Mjomba hakumaliza chai.

"Mpwa wangu, chukua mtaimbo. Tuwahi ubavu wa kushoto."

Njiani akanieleza. Siku aliyozaliwa binti yake, habari zilimkuta amebakiza hatua nne za mwanya. Akatia uzi mmoja, akapaka lami, akakimbilia hospitali. "Nilisema kesho nitarudia. Kesho yake ilikuwa imeshapakiwa mzigo."

"Basi tuung'oe uzi huo, mjomba. Nani atajua?"

Ndicho alichokusudia. Alichomeka mtaimbo, akaegemea, halafu akauachia.

"Siku ile nilikuwa na haraka," alisema. "Leo sina. Kamwite nahodha."

Nahodha alikuja na bakora yake, akinung'unika kwamba wazee hawaitwi kama mbuzi. Mjomba akabandua ubao. Lami ikakatika kwa mlio mkavu, na uzi ukaning'inia, mwembamba kama mkia wa panya.

Nahodha akausogelea. "Mmoja," akasema. Akachungulia ndani. "Na wenzake?"

"Sikuwatia."

Misumeno ilikuwa ikilia upande wa pili. Nahodha akakaa juu ya gogo.

"Kumbe chai yote ile."

"Ndiyo."

"Mimi nikadhani unapenda hadithi zangu."

"Hadithi zako ni nne tu, kaka. Nazijua kwa moyo."

Nilitaka kucheka, nikaona heri nitazame mto. Nahodha akauchomoa uzi, akautia mfuko wa shati, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi yake mjomba akanunua vikombe viwili vilevile. Kimoja kikapoa mpaka kikafanya utando. Kwenye saa nne nahodha akatokea, akaketi benchi lilelile, ila mwisho kabisa, bakora kaiweka katikati.

"Mama, chai moja," akaagiza. "Yangu nalipa mwenyewe."

Mjomba akamaliza chake, kisha akavuta kile kilichopoa, akakinywa nacho. Nahodha akasubiri mpaka tone la mwisho, ndipo akakohoa, akaanza ile hadithi ya kwanza.